Watu tisa, waidi thelathini: jibu kwa nahodha wa timu ya tatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nina miaka 31, naishi Leicester, Uingereza. Kriketi nilijifunza shuleni Dar es Salaam. Klabu yetu ina timu tatu kwenye ligi ya Jumamosi, na katika mkutano mkuu wa majira ya baridi nimetwishwa unahodha wa timu ya tatu. Mwaka jana tulipangiwa mechi 18. Tulishinda 3, mechi 4 hatukucheza kabisa kwa kukosa watu, tukamaliza mkiani. Tuna watoto wa miaka 13 na 14, tuna wazee wawili waliovuka 60, na kila tukipata mchezaji mzuri timu ya pili inamchukua. Nifanye nini tusiaibike tena? Na je, unanishauri nianze mazoezi ya kasi kwa warushaji wangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na hongera, ingawa najua cheo hicho hupatikanaje: ulipoulizwa nani atachukua timu ya tatu, wenzako wote waliinama kuangalia viatu vyao, wewe ukachelewa kuinama. Mimi pia nilikipata hivyohivyo. Nilikuwa sina miaka mingi tangu nitoke Mombasa, nikadhani nimeheshimiwa. Nikakaa nacho misimu sita.

Nianze na swali lako la mwisho maana jibu lake ni fupi. Hapana, achana na mazoezi ya kasi. Timu ya tatu inafungwa kwanza kwenye simu, kati ya Jumapili na Ijumaa, halafu Jumamosi inajimalizia kwa waidi zake yenyewe, yaani mipira inayorushwa mbali mno na mpigaji. Mpinzani anakuja kuokota embe zilizokwisha kudondoka.

Tuanze na simu. Umeandika kuhusu nahodha wa timu ya pili kana kwamba ni mwizi. Shika kalamu tupige hesabu. Klabu ya timu tatu inataka watu 33 kila Jumamosi. Tuseme wiki hii kila timu imekosa watu wawili tu, mmoja ana harusi, mwingine mgongo umekaza. Timu ya kwanza inachukua wawili kutoka timu ya pili. Timu ya pili sasa imepungukiwa wanne, inawachukua kwako. Wewe ulishakosa wawili, ongeza wanne waliopanda, una pengo la watu sita. Hakuna aliyekuonea. Wawili, wanne, sita: ndivyo maji yanavyoteremka, na wewe nyumba yako iko bondeni.

Kwa hiyo kazi yako hasa ni kutafuta watu sita kila wiki, kuanzia mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei hadi mwanzo wa Septemba. Agosti ndiyo mbaya kuliko yote. Shule zimefungwa, wenye watoto wako safarini, na nusu ya Leicester iko harusini. (Ramadhani angalau kwa miaka hii imetoka ndani ya msimu. Ile miaka ilipoangukia Juni na Julai nimecheza na warushaji wanne waliofunga, jua la huku likizama saa tatu na nusu usiku, na hakuna hata mmoja aliyeomba apumzishwe.)

Hao watu sita hutawapata kwenye orodha ya wachezaji uliyokabidhiwa na katibu. Wako pembeni. Yuko baba anayemleta mwanawe mazoezini Ijumaa jioni, anasimama karibu na neti mikono mfukoni, akiurudisha kila mpira unaotoka nje kwa mrusho ulionyooka. Huyo alicheza zamani. Muulize. Yuko nesi anayefanya kazi kwa zamu, ambaye hawezi kucheza kila wiki, na kwa sababu hiyo hakuna anayemuuliza hata mara moja. Wako wanafunzi wa chuo wanaorudi kwao Juni. Yuko aliyeacha miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya goti, goti likapona, naye anaona haya kurudi mwenyewe. Mimi nilikuwa na daftari dogo lenye majina 14 ya watu wa namna hiyo, na sikumtegemea yeyote zaidi ya mara nne kwa msimu. Majina 14 mara nne ni nafasi 56 zimezibwa. Hapo zaidi ya nusu ya msimu imekaa.

Namna ya kuuliza nayo ina ujuzi wake. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp lenye watu sitini, "Jamani, nani yupo Jumamosi?" Kila mmoja atasoma, ataamini mwenzake atajibu, kisha ataendelea na yake. Mpigie mtu mmoja mmoja, na umtajie siku: "Naomba Jumamosi ya pili ya Juni na ile ya mwisho ya Julai, hizo mbili tu." Mtu akiombwa msimu mzima hukimbia. Akiombwa siku mbili alizotajiwa mapema, huzitia kwenye kalenda na kumwambia mkewe. Piga Jumapili jioni, wakati mechi ya jana bado iko mdomoni. Simu ya Ijumaa saa nne usiku mtu anaiona kwenye kioo, anajua ni nani na anataka nini, anaiacha iite.

Halafu kaa na nahodha wa timu ya pili kabla msimu haujaanza, chai mezani, mpatane mambo mawili. La kwanza, baada ya Alhamisi usiku hakuna kuchukuana watu isipokuwa kwa ugonjwa. La pili ni zito zaidi: akimpandisha mtoto wako, ampe kazi. Nimeona mara nyingi mno kijana wa miaka 14 anapandishwa kwa furaha, anapiga wa kumi, harushi hata mpira mmoja, anasimama kwenye kamba, mpakani mwa uwanja, ova 40 (ova moja ni mipira sita). Jumamosi ijayo ana "mtihani". Wiki inayofuata ana mtihani tena. Timu ya pili haikupata kitu na wewe umempoteza mtoto. Mwambie mwenzako hivyo bila kununa. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti.

Zile mechi nne mlizowapa wapinzani ushindi wa mezani ndizo zimenisikitisha kuliko zile mlizofungwa. Soma kanuni za ligi yenu usiku wa leo. Ligi nyingi hukata pointi kwa timu isiyofika, na nyingi hudai kwamba klabu ikipungukiwa watu, timu ya chini ndiyo ivunjwe kwanza, ya juu icheze. Kwa hiyo huenda mwaka jana uamuzi haukuwa wa nahodha aliyekutangulia. Lakini kama ulikuwa wake, basi ajue watu tisa wanacheza kriketi. Wanane pia. Sheria za mchezo zinataja wachezaji 11 kila upande, na kanuni za ligi ndizo zinazosema idadi ya chini kabisa ya kuanzia. Ijue hiyo namba kama unavyoijua namba ya simu ya nyumbani.

Hapa nikuibie siri ndogo. Ukifika uwanjani na watu tisa, na wawili wako njiani kwa sababu mmoja anatoka kazini na mwingine ameenda uwanja usio wenyewe, omba Mungu ushinde sarafu, kisha chagua kupiga kwanza. Wapigaji wawili wako katikati, wawili wanafanya uamuzi, wengine wanasubiri zamu. Hakuna anayehesabu mko wangapi. Kufikia saa tisa alasiri watu wako wamefika. Ukienda kurusha kwanza na watu tisa, kila mpira unaopita kwenye pengo ni mikimbio minne (mkimbio ni pointi moja), na hao wawili wakifika mechi imeshakukimbia. Siri hii huvunjika Mei, mvua ikiwa imenyesha usiku na uwanja una majimaji, maana hapo kupiga kwanza ni kujitakia. Chagua balaa lako.

Sasa kuwapata ni jambo moja, na kuwafanya warudi ni jingine. Chukua kitabu cha alama cha mwaka jana, usiangalie aliyefunga mikimbio mingi. Mtafute asiyeonekana: aliyepiga wa tisa, hakurusha, hakudaka. Huyo alilipa ada ya mechi, aliendesha gari dakika arobaini, alisimama kwenye nyasi kwa muda wa saa mbili na nusu akiwapigia makofi wengine, akarudi nyumbani na hana hata la kumsimulia mtu. Kisha nahodha anashangaa kwa nini hapokei simu. Nilikuwa naye mmoja, fundi wa mabomba, mtu mpole. Aliniambia siku anaondoka: "Nahodha, mimi kusimama naweza kusimama bustanini kwangu bure." Ndipo nikaanza safu mpya kwenye daftari. Kila baada ya mechi niliandika nani hakufanya lolote, na mtu huyo Jumamosi inayofuata alikuwa ama kati ya wapigaji watano wa kwanza ama na ova nne mkononi. Ilikuwa ahadi, naye aliambiwa tangu Jumatano.

Sisemi ugawe kila kitu sawa kama sinia la pilau. Nimejaribu, na wachezaji wako wawili watatu bora wataudhika, na wataudhika kwa haki, kwa sababu nao wamekuja kucheza. Mpigaji wako mzuri mwache afungue. Mrushaji wako mzuri apate ova zake zote. Zungusha wale wa katikati. Timu ya tatu ina watu wanne wanaocheza na saba wanaotazama, na hao saba ndio unaowagombania kila wiki.

Nije kwenye waidi. Mpira ukipita mbali na mpigaji asiweze kuufikia, wapinzani wanapata mkimbio mmoja, na mpira unarudiwa. Watu wanaukumbuka ule mkimbio, wanausahau ule mpira. Nina kitabu cha alama cha mechi tuliyofungwa kwa mikimbio 38, ligi ya ova 40. Tulirusha waidi 31. Hiyo ni mikimbio 31 ya bure, sawa. Lakini pia ni mipira 31 ya ziada, yaani ova tano na mpira mmoja juu. Wapinzani siku ile walikuwa wakifunga karibu mikimbio minne kwa ova, kwa hiyo tuliwazawadia mingine ishirini. Jumla 51. Tulifungwa kwa 38. Wale jamaa hawakutufunga, ila tulikwenda nyumbani tukisema mpigaji wao namba tatu alikuwa hatari.

Na usifikiri ni ugonjwa wa wanyonge. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya iliifunga West Indies kwenye Kombe la Dunia. Kenya ilipata mikimbio 166 tu, na kwenye hiyo 166 mikimbio ya bure ilikuwa mingi kuliko aliyofunga Mkenya yeyote kwa bati lake. (Bati la kriketi, si la kuezekea, kwa atakayesoma hili bila kujua mchezo.) Waliokuwa wakirusha upande ule ni pamoja na Ambrose na Walsh, majina ya kutisha. Kisha West Indies wakaangushwa kwa 93. Maurice Odumbe, kwa mpira wake wa polepole wa kuzungusha, alichukua wiketi tatu, yaani aliwatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio 15. Na mlinda wiketi wetu Tariq Iqbal, ambaye siku ile mipira ilikuwa ikimponyoka mbele ya dunia nzima, ndiye aliyemdaka Brian Lara. Nilikuwa kijana, na nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Miaka mingi baadaye, nikiwa nahodha, nilirudia kuiangalia ile karatasi ya alama, na safari hii macho yangu yalikwenda kwenye mstari wa chini, wa mikimbio ya bure.

Watoto wako wana sababu yao ya kurusha waidi, na huenda hujaiona. Kwenye ligi nyingi za watoto, waidi huhesabiwa mikimbio miwili na mpira haurudiwi, labda kwenye ova ya mwisho tu. Mtoto amezoea kwamba baada ya mipira sita kazi imekwisha, mabaya na mazuri pamoja. Ukimleta Jumamosi kwa wakubwa, ova inagoma kuisha. Nilikuwa na mmoja wa miaka 13, mkono wa kushoto, mtindo mzuri kuuangalia. Ova yake ya kwanza ilikuwa na mipira 14: sita halali, waidi nane. Mimi nimesimama karibu naye nampigia makofi, "Jikaze, jikaze," kama mjinga. Shingo yake ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Kwenye waidi ya sita ndipo nilipokwenda, nikamuuliza: unaporusha, unaangalia nini? Akasema hajui. Nikamwambia aache mbio zake ndefu, aje kwa hatua nne tu, na aangalie glavu za mlinda wiketi, asimwangalie mpigaji hata kidogo. Nikamwambia mlinda wiketi aziweke glavu pamoja juu ya kijiti cha nje, zisitikisike. Zilipita mbili nyingine pembeni, kisha ova ikaisha.

Kila mtu uwanjani alitarajia nimpumzishe. Zamu ya upande ule ilipofika tena nikamrushia mpira. Waidi mbili tu safari hii, na wiketi moja, ya mzee mmoja aliyejaribu kuupeleka mpira barabarani. Baba yake, ambaye alishasimama na ufunguo wa gari mkononi, akarudi kukaa.

Basi mazoezi yenu ya katikati ya wiki yawe hivi: tandika taulo pale ambapo mpira unatakiwa kudunda, hatua mbili kubwa mbele ya mpigaji, na kila mrushaji arushe mipira sita hali wenzake wanahesabu kwa sauti. Apigwe au asipigwe haijalishi, waidi ndiyo inayoandikwa. Na mpigaji awepo, tena mara nyingine wa mkono wa kushoto, kwa sababu kurusha kwenye vijiti vitupu kila mtu anaweza. Kasi ya mtu ikipungua ili mpira unyooke, mshukuru Mungu.

Wale wazee wako wawili umewataja kama mzigo. Ngoja nikuambie kuhusu Frank Nsubuga wa Uganda. Juni 2024, Guyana, Uganda ilicheza na Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia la ova 20. Nsubuga alikuwa na miaka 43. Alirusha ova zake nne kwa mikimbio minne, wiketi mbili, na ova mbili kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Uganda ikashinda mechi yake ya kwanza kabisa kwenye Kombe la Dunia. Wakati ule hakuna aliyewahi kurusha ova nne kwa bei rahisi namna hiyo kwenye mashindano yale, mpaka siku chache baadaye Ferguson wa New Zealand alipomaliza zake bila kutoa mkimbio wowote. Nsubuga hana kasi. Mpira wake unafika pale anapotaka ufike, basi.

Wazee wako wana hicho kitu. Mmoja arushe kutoka upande mmoja ova nane mfululizo, kama kanuni inaruhusu, halafu uone vijana wa timu ya tatu ya wenzenu wanavyokosa subira. Mpira wa polepole unamtukana kijana. Lazima aupige mbali. Lakini hapo ndipo manahodha wengi wanapokosea kuwapanga watu. Wameona kwenye televisheni mdakaji bora anasimama slipu, nyuma ya mpigaji, nao wanamweka slipu. Kwenye ngazi yetu mpira unavutwa kwa nguvu kuelekea upande wa mguu, juu juu, kwenda ile sehemu ambayo huku wanaiita kona ya ng'ombe. Mdakaji wako bora akae huko, mwingine mzuri anyooke mbele ya mrushaji, kwenye kamba. Slipu mweke yule mzee wa pili. Asikimbizwe, apige soga. Kwenye mechi moja jijini hapo Leicester niliangusha mpira wa wazi, na kutoka kwa wapinzani waliokuwa wakisubiri zamu nje ya kamba nikasikia, "Pole sana bwana, haraka ya nini?" Mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kampala, aliyekuja huku 1972 na sanduku moja. Utawakuta wengi wa aina yake. Kiswahili chao cha dukani hakijachacha.

Kuhusu kupiga sina mengi. Timu za tatu huanguka ova ya 25 zikiwa na mikimbio 80, kwa sababu kila mtu amekuja kupiga sita moja ya kusimulia, mpira uvuke kamba bila kudunda. Waambie wapigaji wako watatu wa kwanza kwamba kazi yao ni kuwepo ova ya 20. Mikimbio mitatu tu kwa ova ni 120 kwa ova 40, ongeza waidi za wenzenu, ambao nao wana watoto na hawajasoma barua hii, unafika 140 na zaidi. Na kabla hawajaingia wakubaliane maneno matatu: ndiyo, hapana, subiri. Nimeona watu wawili wamekutana katikati ya uwanja mmoja akisema "aah" na mwingine akisema "ee".

Kwenye watoto usifanye mzaha. Aliye chini ya miaka 18 havuki kamba kwenda kupiga bila kofia ya chuma. Warushaji wa kasi wenye umri mdogo wana kikomo cha ova kwa mfululizo na kwa siku, kilichowekwa na bodi ya kriketi ya Uingereza, ECB, ili migongo yao isiharibike. Jedwali lake libandike ndani ya jalada la kitabu cha alama, ili mwandishi wa alama akupungie mkono kikomo kikifika. Mtoto wa kundi la chini ya miaka 15 haruhusiwi kusimama karibu na mpigaji chini ya mita 7.3, isipokuwa nyuma ya wiketi upande wa nje, na wa chini ya 13 mita 10. Kumbuka pia mtoto wa miaka 13 anatoka kwenye mpira mdogo wa gramu 133 hadi 144, anaingia kwenye wa wakubwa wa gramu 156 hadi 163, unaotoka kwenye bati la mtu mzima. Afisa wa ulinzi wa watoto wa klabu yenu akueleze karatasi zinazotakiwa kwako wewe nahodha, na ridhaa ya mzazi iwe kwa maandishi. Hili lifanye Machi, usingoje Mei.

Waamuzi mtakuwa ninyi wenyewe, wa upande unaopiga, na hapo ndipo urafiki unapovunjika. Kwa mguu mbele ya vijiti, yaani mguu ukizuia mpira ambao ungegonga vijiti, mwamuzi akiwa na shaka hata punje, mpigaji abaki. Na kuna mabadiliko ya Oktoba 2022 ambayo bado nayaona yanasahauliwa kila mwaka: mpigaji akidakwa, mpya anaingia upande unaopokea mpira, hata kama wale wawili walishapishana wakikimbia, isipokuwa ova imekwisha. Zamani kupishana kulibadilisha mambo. Sasa hapana. Wewe ukilijua hilo, utaokoa ugomvi mmoja wa dakika kumi kila mwezi.

Chai. Tangu 2020, mwaka wa Covid, ligi nyingi zimeacha kulazimisha mwenyeji aandae chai kati ya vipindi, na watu huja na sandwichi zao wanakula ndani ya magari. Lirudishe kwa timu yako hata kama kanuni haitaki. Uko Leicester, mwanangu, mji ambao muhogo wa kukaanga unauzwa kwa jina lililotoka kwetu, mogo, na sambusa za kila aina zinapatikana kabla hujafika barabara kuu. Sinia moja, ndimu, pilipili. Yule nesi wa zamu na yule baba wa Ijumaa watakaa meza moja dakika ishirini, na Jumapili ukimpigia mmoja, mwenziwe atakuwa ameshamuuliza kama anacheza.

Umeuliza mtashuka daraja au la, ingawa hukuuliza waziwazi. Kwanza angalia kama daraja lenu lina pa kushukia, kwa sababu madaraja mengi ya mwisho hayana. Kama lina, huenda mkashuka. Mkishuka mtakutana na timu zenye watoto wengi kuliko ninyi na wazee wakubwa kuliko wenu, na vijana wako wa miaka 13 watapata ova nyingi zaidi. Mimi nilishuka mara moja. Msimu uliofuata hatukukosa kufika mechi hata moja.

Mechi ya kwanza ikiisha, nipigie picha ukurasa wa kitabu cha alama unitumie. Mikimbio yenu na wiketi zenu nitaziangalia baadaye. Nitaanza kwa kuhesabu waidi, kisha nitamtafuta aliyepiga wa tisa, nione kama alirusha.